Safu ya Mpasuaji

Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikitazama tonge la mwenzangu. Kwetu Kaengesa tulikuwa watoto saba tunaokula kwenye sinia moja, ugali wa ulezi na maharage, na nilijua bila kuambiwa nani amemega kubwa kuliko mimi. Nikikasirika nilisusa chakula, kisha nikakasirika zaidi kwa kuona wengine wanaendelea kula. Masista wa misheni walijaribu kunitoa tabia hiyo kwa sala na kwa fimbo. Hawakufanikiwa, na sasa nimekwisha kuwa mtu mzima wa kulisema hilo bila kuona haya.

Kwa hiyo nikisema kwamba kwa miaka mingi nilimwonea wivu mwanamke ambaye hakuwahi kunikosea, wanaonijua hawatashangaa. Nitamwita mwenzangu tu, maana jina lake si langu kulitangaza. Tulifanya kazi pamoja chumba cha macho katika hospitali moja mjini Sumbawanga, sote madaktari wasaidizi, mimi nikimzidi miaka miwili ya umri na yeye akinizidi karibu kila kitu kingine.

Wivu wenyewe ulianzia kwenye mikono yake. Ufipa kuna vumbi, kuna moshi wa majiko yasiyo na dirisha, na kuna vikope, ule ugonjwa unaomshika mtu utotoni na kumsubiri uzeeni. Bibi anafika umri wa kupumzika, ukope wa juu umejikunja kwa ndani, nywele zake zinakwaruza mboni kila anapopepesa. Wengi walikuja na kibano shingoni, kimefungwa kwa uzi, cha kujing'olea nywele hizo wenyewe. Kuwasaidia unapiga ganzi, unakata upande wa ndani wa ukope, unaugeuza utazame nje, unaushona. Kwa maneno ni kazi ya robo ukurasa. Mimi nilikuwa naifanya huku jasho likinitiririka hadi kiunoni, katika mji ambao mwezi wa sita watu wanavaa makoti mawili. Mwenzangu aliifanya akizungumza na mgonjwa habari za mvua. Mkono wake haukuwa na haraka wala haukusita, na uzi ukitoka pale umekaa kana kwamba ukope ulizaliwa nao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Sasa niseme ngazi yetu ilivyokuwa, maana asiyeijua hatajua kwa nini watu wawili wagombee kipandio kimoja. Ulianza kama tabibu: miaka mitatu chuoni, kisha unapelekwa kituo cha afya kuchoma sindano na kuzalisha. Ukifanya kazi miaka kadhaa, na mkubwa wako akaandika kwamba hulewi wala hutoroki zamu, unaruhusiwa kuomba chuo cha madaktari wasaidizi. Huko ni miaka miwili, na ukirudi unaruhusiwa kushika kisu. Wengi waliishia hapo, wakaoa au wakaolewa, wakalima mahindi. Juu ya hapo kulikuwa na tawi: macho, mionzi, dawa za usingizi, kila moja na chuo chake, mtihani wake na cheti chake. Wenye digrii walikuwa na ngazi yao nyingine kabisa huko Dar es Salaam, ndefu zaidi, nasi hatukuigusa.

Mimi nilitaka macho. Nilitaka macho kwa hasira. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kimefunguliwa kwa mara moja. Wafanyabiashara walikuja na malori yao kununua mahindi hadi Mpui, mitumba ilijaa sokoni mpaka manesi wetu wakavaa makoti meupe yenye majina ya hospitali za Ulaya, na serikali ikaruhusu waganga kufungua kliniki zao binafsi. Mtu mwenye cheti cha macho angeweza kufanya kazi hospitalini mchana na jioni akafungua mlango wake mwenyewe. Sumbawanga haikuwa na hata mmoja. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili Izia, karibu na mashamba, na cha mbele nilikuwa tayari nimekipaka chokaa. Nilijua hata kibao kitasimama wapi.

Masharti ya kozi ile niliyakariri kama Salamu Maria. Uwe umefanya kazi miaka miwili tangu upate udaktari msaidizi. Usiwe umezidi miaka arobaini siku ya kuomba. Mganga Mkuu wa Mkoa akupendekeze, na uandike ahadi ya kurudi kuutumikia mkoa. Hayo yote nilikuwa nayo, ingawa lile la umri lilikuwa linanipumulia kisogoni. Lililobaki ndilo lililokuwa na meno: uwe umefanya kwa mkono wako, tangu mwanzo hadi mwisho, upasuaji wa kope usiopungua thelathini, umeandikwa kwenye kitabu cha chumba cha upasuaji, na mwenye leseni ya kupasua aliyekuwapo athibitishe. Kusaidia hakukuhesabiwa. Hata ungesaidia mara elfu, umeshika tochi tu.

Kitabu hicho kilikuwa kikubwa, chenye jalada jeusi. Kilikuwa na safu ya tarehe, ya mgonjwa, ya ugonjwa, kisha safu mbili za mwisho: Mpasuaji, Msaidizi.

Mkubwa wetu chumba cha macho alikuwa mzee mmoja wa Mpui, daktari msaidizi wa zamani, aliyejifunza kazi kwa kusimama nyuma ya wazungu wa misheni hadi wakamwachia kisu. Tulimwita Mzee. Alikuwa amegeuza kope za watu wa Ufipa nzima, na kuna vijiji ambako bibi kizee akiona vizuri wanasema huyo amepita kwa Mzee. Tulipofika sisi mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Mwanzoni kidogo, kama mtu aliyetoka kubeba ndoo. Baada ya mwaka hakuweza tena kuingiza uzi kwenye sindano. Hakuna aliyelisema. Alivaa glovu kama kawaida, akaketi kwenye kigoda karibu na kichwa cha mgonjwa, akasema, "Haya, tuendelee," na mwenzangu akafanya kazi yote.

Mwenzangu alitoka kwa watu waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini-magharibi mwa nchi, wakateremkia bonde la Rukwa. Kwao mtu mzima husalimiwa kwa goti. Sisi Wafipa nasi tuna adabu zetu, tunachuchumaa na kupiga makofi taratibu, lakini mimi nilikuwa nimesomeshwa na masista, nikaona goti la thieta limezidi. Yeye kila asubuhi alipiga goti kwa Mzee kwenye sakafu ya saruji iliyotoka kupigwa deki, akisema shikamoo, kisha akanyanyuka na kwenda kumfanyia kazi yake. Na akimaliza kushona, akavua glovu, alichukua kalamu na kuandika kitabuni. Safu ya Mpasuaji aliandika jina la Mzee. Safu ya Msaidizi aliandika lake.

Siku ya kwanza nilipomwona nilidhani amekosea. Siku ya tatu nilimuuliza tukiwa tunachemsha vifaa.

"Mbona unaandika uongo? Umekata wewe, umeshona wewe."

"Dada, Mzee akisoma jina lake pale anarudi nyumbani bado ni daktari," alisema. "Mimi napungukiwa nini?"

"Unapungukiwa kope thelathini."

Alicheka. Alikuwa na kicheko cha mtu aliyeshiba, nacho pia nilikionea wivu.

Mimi siku zangu nilikata mwenyewe na kuandika mwenyewe. Mara ya kwanza nilipoweka jina langu safu ya Mpasuaji, Mzee alisogeza kitabu karibu na uso, akakisoma kwa muda mrefu kuliko mstari mmoja unavyohitaji. "Vizuri, mwanangu," alisema. "Kalamu ni yako." Manesi wakaanza kunisema. Walisema nina roho ya polisi. Heshima si utumwa, walisema, wakiniangalia mimi na kuelekeza kidevu kwa mwenzangu. Nilijiambia kwamba nimesimama upande wa ukweli, nao ni wajinga. Na kweli nilikuwa upande wa ukweli, ila sehemu moja tu. Kuna siku, wala si moja, ukope ulinigomea. Ulivuja damu, au uligeuka nusu, mgonjwa akaanza kuguna. Basi nilimwita mwenzangu. Alikuja, akanawa, akatoa mshono wangu, akaweka wake, akarudi kwa mgonjwa wake. Nami niliandika jina langu, kwa sababu mgonjwa alikuwa wangu.

Wagonjwa hawakuwa wajinga. Walikuja wakiulizia "yule binti anayepiga magoti." Mama mmoja wa Izia, jirani yangu kabisa, ambaye nilimpa chumvi na yeye akanipa kibiriti, alisubiri siku mbili kwenye benchi ili asinipate mimi. Nilimpita pale benchini nikamsalimia kwa tabasamu. Mdomoni mlikuwa na uchungu kama nimetafuna mwarobaini.

Mzee alifariki wakati wa mvua. Tulimzika Mpui kwenye matope, watu wengi mno, na vipofu waliopata kuona walisimama mstari wa mbele. Mwenzangu alilia kama amefiwa na baba. Mimi nililia pia, ila katikati ya kulia nilitazama nani analia zaidi.

Miezi minne baadaye tangazo lilibandikwa. Nafasi moja ya kozi ya macho kwa mkoa wote. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, yeye thelathini na sita. Tangazo lililotangulia lilikuwa limekuja kabla hatujahitimu, na hakuna aliyejua linalofuata litakuja lini. Nilikisoma kikaratasi kile mara tatu, nikaenda moja kwa moja kwenye kitabu cha jalada jeusi, nikajifungia stoo ya mashuka, nikahesabu kwa kidole.

Jina langu safu ya Mpasuaji: thelathini na nne.

Jina lake safu ya Mpasuaji: mara nne, za siku ambazo Mzee alikuwa likizo. Safu ya Msaidizi niliacha kuhesabu nilipovuka mia mbili.

Nilikaa juu ya robota la mashuka. Nilifurahi. Nataka niliseme hilo lilivyokuwa: nilifurahi hadi nikarudia kuhesabu. Mwanamke mwenye mikono ile alikuwa amejifungia mlango kwa adabu yake mwenyewe, na ufunguo ulikuwa umezikwa Mpui.

Lakini tuliomba sote wawili, na manesi walikuwa na midomo. Habari zilimfikia Mganga Mkuu wa Mkoa kwamba kope zilizoandikwa kwa jina la Mzee miaka ya mwisho alizigeuza mwenzangu. Mganga Mkuu alikuwa mtu wa haki, mgeni kwa mkoa, anayevaa kaunda suti na kuuliza maswali mafupi. Uthibitisho wa manesi haukukubalika kwenye fomu, ilitakiwa saini ya mwenye leseni ya kupasua. Mzee akiwa kaburini, chumba cha macho kilibaki na wenye leseni wawili tu, sisi wenyewe. Akatuita ofisini kwake siku moja, mmoja baada ya mwingine.

Jana yake nilimtega mwenzangu. Nilimuuliza kama atasema mwenyewe kwamba kope zile ni zake.

"Nimvue marehemu nguo?" alisema. "Watu waseme alikuwa anapokea sifa za kazi ya mtoto? Hapana, dada. Wewe ulikuwapo. Ukiulizwa utasema ulichokiona, inatosha."

Alilisema hilo kwa utulivu kabisa. Alikuwa ameliacha mikononi mwangu kama mtu anavyomwachia jirani mtoto akienda kisimani.

Yeye aliingia kwanza. Nilikaa kwenye benchi la nje nikisikiliza sauti bila maneno. Hakukaa sana. Alipotoka alinigusa bega na kusema, "Ingia, dada. Usiogope, ni mtu mzuri." Hata siku ile hakuwa na wasiwasi. Sikujiuliza yeye ameulizwa nini.

Mganga Mkuu alikuwa na kitabu cha jalada jeusi mezani. Alinikaribisha kiti, akanipongeza kwa mwandiko wangu.

"Mwenzako," alisema. "Nasikia upasuaji huu wa marehemu ulikuwa wake. Wewe ulikuwamo chumbani. Nani alikuwa anashika kisu?"

Nilikuwa na jibu la neno moja. Nililiona limekaa pale. Niliona pia kibao changu cha Izia, na chumba kilichopakwa chokaa, na yule jirani yangu kwenye benchi.

"Mkuu, mimi siwezi kumsemea marehemu," nilisema. "Kitabu kinasema."

"Kitabu nimekisoma. Nakuuliza wewe."

"Kitabu kinasema, mkuu."

Alinitazama. Kisha akafunga kitabu taratibu na kuniambia niende. Sikuwa nimesema uongo hata mmoja, na nilijirudia hilo njia nzima hadi nyumbani, kwa sauti, watu wakinigeukia.

Barua ilitoka na jina langu. Jumapili yake baada ya misa nilisikia hodi Izia. Alikuwa mwenzangu na jogoo mwekundu mkononi, amemfunga miguu kwa kitambaa. Alikuja kunipongeza. Tukanywa chai, akaniulizia safari, akanipa sweta lake kwa sababu chuo kilikuwa kaskazini, ambako, alisikia, mlima una barafu. Akiwa mlangoni anaaga, alisema, "Na asante kwa kunisemea, dada. Ulifanya lako. Basi tu, bahati haikuwa yangu."

Ningeweza kumrekebisha. Nilisema, "Usijali." Jioni nilichinja yule jogoo, nikamla peke yangu siku mbili, mapaja, mbawa, mpaka shingo, nikiwa na hasira na kila mfupa. Nilijiuliza kwa nini hata akishindwa anashindwa vizuri kuliko mimi ninavyoshinda.

Safari ilichukua siku nne, na zaidi ya nusu ya vumbi la barabara ya Tunduma nilifika nalo chuoni. Huko nilijifunza kutoa mtoto wa jicho, kupima shinikizo la jicho, kutazama nyuma ya mboni kwa kioo. Nilisoma kwa bidii, sikatai. Lakini siku ya mtihani wa vitendo nilipewa ukope, na mwalimu akasimama nyuma yangu. Mkono ulianza kunilowa. Nikafumba macho kidogo, nikaukumbuka mkono wa mwenzangu, unavyoingiza sindano kwa chini kidogo kuliko unavyodhani, unavyovuta uzi bila kuukaza. Nikauiga. Mwalimu aliuliza nimejifunzia wapi mshono huo, maana hakuna aliyenifundisha pale. Nikasema, nyumbani. Nilifaulu, na nikalala na wivu wangu kama kawaida, safari hii katika bweni.

Niliporudi na cheti walipanga siku mbili za macho kwa wiki, mimi bingwa, yeye msaidizi. Kliniki yangu ya Izia ilifunguliwa. Kibao kilisimama palepale nilipopanga. Watu walikuja kwa ajili ya mtoto wa jicho, maana hilo nililiweza na nililiweza vizuri, nami nilikuwa na haki ya kujivunia. Lakini mwenye kope zilizojikunja alienda hospitalini kumtafuta yeye. Nilikuwa na karatasi yenye mihuri miwili, na nilimwonea wivu mtu asiye na karatasi. Ni ugonjwa usio na dawa kwenye kabati lolote. Kitu kimoja tu nilikifanya kwa haki: tangu niliporudi, ukope aliougeuza yeye niliuandika mimi mwenyewe kwa jina lake, safu ya Mpasuaji. Alipinga mara moja, nikamfokea, akaniacha. Katika miaka mitatu alikuwa amefikisha thelathini mara kadhaa.

Kwa sababu nilikuwa nasubiri nafasi nyingine itangazwe. Nusu ilikuwa toba. Nusu nyingine nilitaka aende mbali, nikae chumba kile bila kuitazama mikono yake.

Tangazo jingine lilikuja miaka mitano baada ya lile la kwanza. Safari hii nilikuwa mimi wa kuthibitisha. Nilichukua fomu ofisini mwenyewe, nikajaza sehemu yangu kabla hata yeye hajaiona, nikaandika sifa zake kwa ukurasa mzima, mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Nilimpelekea chumba cha vifaa asubuhi akiwa anapanga sindano. Nilikuwa na furaha ya kweli, nadhani ndiyo mara ya kwanza nilifurahi kwa ajili yake.

Aliisoma yote, polepole, akatabasamu alipofika kwenye sifa. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza na kuweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Nimepita, dada," alisema. "Nilifika arobaini na moja mwezi wa pili."

Nilimnyang'anya ile karatasi. Nilikuwa nimeyakariri masharti yale kama sala, na lile la umri nililihesabu kwa ajili yangu tu. Kwa upande wake sikuwahi kulihesabu.

"Tutamwandikia mkuu wa chuo," nilisema. "Watasamehe mwaka mmoja."

"Hawasamehi. Ile ya mwaka ule ndiyo iliyokuwa yangu." Alicheka, si kwa uchungu, akaendelea kupanga sindano. "Hata hivyo hatukuachana mkono. Wewe ulinisemea, na mimi nilikusemea."

"Ulinisemea nini?"

"Kwani hukujua? Mganga Mkuu aliniuliza habari zako vilevile. Nesi mmoja alikuwa amemwambia kuna kope zako nilizoshona mimi. Akaniuliza, hizi thelathini na nne alizimaliza zote mwenyewe?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni zake zote. Nikatia saini. Mgonjwa si alikuwa wako?"

Sikuhitaji kufungua kitabu. Kila ukope alionishonea nilikuwa nimeuweka moyoni, mmoja mmoja, kama mtu anavyoweka matusi. Zilikuwa kumi na moja. Toa kumi na moja kwenye thelathini na nne. Sikuwa na sifa ya kwenda. Cheti changu, kliniki yangu na kibao changu vilisimama juu ya neno lake, alilolisema upande mmoja wa mlango wakati mimi nimekaa upande wa pili nikinoa langu.

Na kitu cha kwanza nilichokisikia kifuani, Mungu anisamehe, kilikuwa wivu. Nilimwonea wivu kwa kuwa aliweza kulisema lile neno kirahisi hivyo. Lilikuwa uongo, na lilikuwa safi kuliko ukweli wangu. Aibu ilikuja baadaye, ikanikuta bado nimesimama.

"Mimi sikukusemea," nilisema.

Alidhani namtania. "Ulisemaje?"

"Aliniuliza nani alikuwa anashika kisu. Nikamwambia kitabu kinasema. Aliniuliza mara mbili."

Mikono yake ilisimama. Sikuwahi kuiona imesimama. Kisha akaanza kuzipanga upya sindano za kwenye trei, ingawa zilikuwa zimepangwa.

"Miaka yote hii nilidhani hawakukuamini," alisema. "Nilidhani walikataa maneno yako kwa sababu mimi ni wa kuja. Niliwachukia watu wa ofisi ile. Nilimwambia hata mama yangu."

Nilifungua mdomo kuomba msamaha, na nikaomba. Nilisema maneno yote yanayosemwa. Aliyasikiliza hadi mwisho kama anavyomsikiliza mgonjwa anayeeleza maumivu, bila kunikatisha, kisha akabeba trei na kuipeleka kwenye jiko la kuchemshia.

Kesho yake ilikuwa siku ya macho. Nilifika mapema, nikijua hatakuja. Alikuwa ameshafika. Vifaa vilikuwa tayari, taa imewashwa, benchi limejaa. Alisimama mlangoni na orodha mkononi, koti lake limefungwa vifungo vyote.

"Daktari," alisema, "wa kwanza ni bibi kutoka Mpui. Aingie?"

Nilisubiri aseme dada. Hakusema siku ile, wala hajasema tena mpaka leo. Nikamwambia aingie.